Pesa Isiingie Kati Yetu

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, siku ya kumi na tano ya Ramadhani, jua lilizama Minneapolis yapata saa moja na dakika ishirini jioni. Hilo halina ubishi. Saa kumi na mbili kasorobo ya jioni hiyo, Nasima Mbarak alikuwa amesimama mbele ya pipa la vitunguu katika duka moja kubwa karibu na Hopkins, simu mkono wa kushoto, toroli mbele yake, akikigeuza kitunguu kimoja baada ya kingine kama mtu anayetafuta kosa katika maandishi ya mwenzake.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, na bega la kulia lililokuwa likimuuma tangu alasiri. Kazi yake ilikuwa kuwanunulia watu vitu na kuwapelekea hadi milangoni. Mteja wa huduma hiyo hulipa ada ya uanachama mara moja kwa mwaka, na baada ya hapo kila anapoagiza huandikiwa kwenye simu kwamba kuletewa ni bure. Neno hilo, bure, lilimchosha Nasima kuliko ngazi. Petroli yake haikuwa bure, wala magurudumu, wala bega. Kampuni ilimlipa kidogo kwa kila safari, na kilichoifanya safari istahili mtu kutoka nyumbani ni bakshishi. Mteja huiandika mapema, wakati anapoagiza. Kisha ana siku nzima baada ya kupokea vitu vyake ya kuiongeza, kuipunguza au kuifuta.

"We mama wa pwani," sauti ilimjia kutoka nyuma, "bado unachagua kitunguu kama unakiposea mwanao?"

Alikuwa Kerubo, Mkisii mwenye kifua kipana na kicheko cha kupasua ukuta, aliyefanya usafi katika hospitali ya Maplewood asubuhi na kuingia katika kazi hii ya maduka mchana. Toroli lake lilikuwa limejaa chakula cha mbwa.

"Mtu amefunga kutwa nzima," alijibu Nasima, "kisha nimpelekee kitunguu kilichooza?"

"Umejuaje amefunga?"

"Tende, manda za sambusa, tui la kopo, tambi. Huyu hapiki chakula cha mbwa."

"Na amekuandikia ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Kerubo alipiga mluzi. "Ishirini na mbili! Hapo hata mimi ningekiosha hicho kitunguu na sabuni. Lakini chunga, mama. Wengine huandika kubwa ndio oda ichukuliwe haraka, ukishafika wanaitoa. Mimi wiki jana nimepandisha maji ngazi tatu, kushuka chini nikapata tip imeenda. Nilikuwa karibu nirudi juu niwaambie wanirudishie jasho."

Nasima alicheka kwa pua, maana kucheka kwa mdomo mkavu kunaumiza midomo. Jina la mteja lilikuwa Zamzam. Miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, ina akina Zamzam wengi, wengi wao Wasomali, naye hakulitilia maanani. Katika safari hiyohiyo alikuwa amepewa oda ya pili, ndogo, ya Velma, bibi kizee wa Hopkins aliyekuwa akimpelekea vitu karibu kila wiki. Alipanga kumaliza kwa Zamzam kabla ya magharibi, afuturu kwa maji na tende garini, kisha apitie kwa Velma.

Ili kuelewa kwa nini dola ishirini na mbili zilimfanya mtu mzima achague vitunguu kimoja kimoja, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Nasima alikuwa na shughuli nyingine ambayo haikuwa kazi. Alikuwa mwosha. Katika familia za Kiislamu za pwani ya Kenya zilizotapakaa kuanzia Hopkins hadi Saint Paul, mwanamke akifariki, simu ya kwanza huenda hospitali, ya pili msikitini, na ya tatu kwake. Alifundishwa na shangazi yake huko Mombasa, Kibokoni, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa: namna ya kumgeuza maiti bila kumfunua, namna ya kumimina maji kana kwamba anasikia baridi, na kwamba mkono unaoosha haupokei ujira. Shangazi hakulieleza hilo la mwisho. Alilitenda tu, miaka arobaini, naye Nasima akalichukua kama alivyolikuta.

Kwa miaka sita Nasima alifanya kazi katika mojawapo ya maghala ya Shakopee, akipanga maboksi yanayopita kwenye mkanda. Huko simu hufungiwa kabatini kabla ya kuingia na huchukuliwa jioni. Majira ya baridi ya mwaka 2021 alifungua kabati lake akakuta amepigiwa mara kumi na nne. Mwanamke wa Lamu, mtu aliyekuwa akinywa naye kahawa, alikuwa amefariki asubuhi, akaoshwa adhuhuri na mgeni mwema aliyekuwa akisoma maelekezo kwenye karatasi, akazikwa alasiri. Nasima alikaa garini katika maegesho ya ghala hadi vioo vikaganda. Majira ya kuchipua yalipofika aliiacha kazi ile, akaanza hii ya kupeleka vitu, kwa sababu moja tu: katika hii, simu ikilia, anaweza kuitikia.

Kazi hii, hata hivyo, ilikuwa ikizidi kuwa nyembamba. Mwezi Februari ghala lilimwandikia kwamba lingemrudisha akitaka, kwa siku zote au baadhi, na kwamba jibu litiwe posta kabla ya Jumatatu tarehe 31 Machi kwisha. Nasima aliikunja barua akaitia ndani ya kabati la vikombe. Alijiwekea sharti: Ramadhani ikimalizika na uendeshaji umeweza kulipa kodi ya nyumba na gari, ataichana. Ikishindwa, atarudi Shakopee, na simu itarudi kabatini.

Saa moja na dakika kumi na mbili alifika Blake Road, kwenye nyumba ya matofali ya zamani isiyo na lifti. Mvua iliyochanganyika na theluji ilikuwa ikianguka. Oda ilikuwa na mifuko minne na katoni tatu za maji ya chupa. Alipandisha mifuko miwili na katoni moja hadi ghorofa ya pili, akaviweka mbele ya mlango, akainama kupiga picha ya ushahidi, na mlango ukafunguliwa.

"Karibu, weka tu ha—" Msichana aliyefungua alikatika maneno. "Bi Nasima?"

"Ndimi, mwanangu. Maji yako haya."

"Yaa Allah! Faiz! Faiz, njoo! Ni Bi Nasima alotubebea maji!"

Hapo ndipo Nasima alipomtambua. Februari ya mwaka uliopita alikuwa amemwosha mama yake msichana huyu. Mumewe Zamzam, Faiz, alitoka jikoni na taulo begani, akaona katoni, akaona bega la mgeni lilivyoinama upande mmoja, akashuka ngazi mbio kwa kandambili kwenye theluji bila hata kuuliza gari liko wapi.

"Faiz, acha! Ni kazi yangu!"

"Kazi gani, Bi?" alipaza sauti kutoka chini. "Hii ni aibu yetu!"

Zamzam alikuwa amemshika mikono yote miwili. "Nisamehe, Bi. Picha yako ilikuja kwenye simu lakini sikuiangalia. Wallahi ningeona ni wewe ningekwenda dukani mwenyewe. Ingia. Ingia ufuturu."

"Starehe, mwanangu. Nina mzigo mwingine garini."

"Mzigo hauna roho."

"Mwenye mzigo anayo," alisema Nasima, lakini koti lilikuwa limekwisha kumtoka mwilini. Simu ya Faiz ilianza kuadhini juu ya friji. Kukataa futari katika nyumba ile, na mwenye nyumba ndiye yule aliyelia kifuani kwake mwaka uliopita, lilikuwa jambo ambalo Nasima hakuwa na ulimi wa kulifanya. Alikaa. Alikula tende, akanywa uji wa mchele, akawekewa tambi, mbaazi za nazi na kaimati zilizotoka motoni sasa hivi. Kila aliposogea ainuke, Faiz alimwongezea kitu kwenye sahani.

"Wewe hapa ndiye mama sasa," Faiz alisema. "Ukinyanyuka kabla ya chai, Zamzam hatanisamehe mpaka Idi."

Alipokuwa akinywa chai, Nasima alimwona Zamzam amesimama jikoni, simu mkononi, uso wake umemulikwa, akibonyeza kitu kisha akijifuta jicho kwa ukingo wa mtandio. Hakuwaza chochote. Dakika thelathini na tano baada ya kuingia, aliteremka ngazi na bakuli la kaimati lililofungwa kwa karatasi ya fedha, na dua nyingi zikimfuata nyuma.

Garini aliifungua simu. Oda ya Zamzam ilionyesha kwamba imefika salama, kwamba mteja ametoa nyota tano, na kwamba bakshishi ni sifuri.

Alifikiri programu imekosea. Aliifunga, akaifungua tena. Kisha akakumbuka uso ule uliomulikwa jikoni, na akakumbuka jambo la zamani zaidi, la kinywa chake mwenyewe. Siku ile ya kumwosha mama yake Zamzam, baada ya maziko, Faiz alimpenyezea bahasha mlangoni. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni. Nasima aliirudisha, na ili yule kijana asione haya, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mimi na nyumba hii, pesa isiingie kati yetu."

Velma aliishi mitaa michache kutoka hapo, ghorofa ya tatu. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na magoti mawili ya chuma, na kabla ya magoti hayo alikuwa amebeba sahani katika mkahawa mmoja wa Saint Paul kwa miaka thelathini na minane. Alimfungulia Nasima akiwa amevaa koti la nyumbani, akaitazama saa ya ukutani, kisha akautazama uso wa mgeni wake. Walizungumza kwa Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake.

"Nilidhani umeanguka kwenye barafu."

"Samahani sana, Bi Velma. Walinikaribisha chakula."

"Walikushukuru?"

"Mno."

"Basi hawakukuachia bakshishi," alisema Velma, akavuta kiti. "Usinitazame hivyo. Mchungaji wetu alikuwa akila kwangu kila Jumapili, mayai na nyama, na kila Jumapili alinibariki. Nilizipeleka baraka zile kwa mwenye nyumba wangu. Hakuzikubali."

Nasima alijikuta amekaa. Alieleza kidogo, si yote: kwamba ni watu wake, kwamba mwenye oda amefuta bakshishi si kwa ubahili, kwamba ameifuta kwa heshima.

"Heshima ndiyo ghali zaidi," alisema Velma. "Bahili angalau unaweza kumchukia." Aliufungua mkoba wake mdogo wa sarafu. "Na mimi siko bora. Nimeilipa kampuni ile mwaka mzima ili kuletewa kuwe bure, kisha ninakupa dola nne, nao wanajua nitakupa, ndiyo maana hawakupi. Tunawafanyia kazi yao, mimi na wewe."

"Leo usitoe. Nimekuchelewesha."

"Usinivunjie uso nyumbani kwangu."

Nasima alizipokea noti nne. Zilikuwa zimekunjwa tayari, tangu asubuhi pengine. Alishuka akiwa ameacha nusu ya kaimati mezani, na katika kila kidato cha ngazi aliwaza jambo moja ambalo halikumpa nafasi ya kuligeuza upande mwingine: kwamba ameibeba pesa ya kikongwe anayehesabu vidonge vyake, na kwamba hawezi kuidai ya vijana wawili wenye mishahara, kwa sababu wanampenda.

Siku mbili baadaye bintiye, Nasreen, aliyekuwa akisomea uuguzi, aliingia jikoni na simu imenyooshwa mbele kama mtu aliyeshika panya mkia. Nasreen alikielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, tangu utoto. Katika simu ile mlikuwa na kundi la wanawake wa pwani, ambalo Nasima hakuwa mwanachama wake, kwa kuwa hakupenda kelele. Ndani yake sauti ya Zamzam ilisema:

"Salaam aleikum, dada zangu. Mwajua ni nani anatuletea vitu vyetu? Bi Nasima. Bi Nasima alotuoshea mama zetu. Sasa sisi tumtupie dola mbili tatu kama mtu wa njiani? Mimi yangu nimeifuta, maana mwenyewe alisema pesa isiingie kati yetu. Tafadhalini, ukiiona picha yake, futa. Mpokee, mkalishe, mpe dua. Hiyo ndiyo haki yake."

Chini ya sauti hiyo wanawake arobaini na mmoja walikuwa wameweka moyo mwekundu.

Nasreen alisema ameshajibu. Aliandika kwamba dua haitiwi kwenye tangi la petroli, kisha akajitoa katika kundi.

"Umenivua nguo mbele za watu," Nasima alisema.

Nasreen aliuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwani wao wamemvua nini.

Nasima alisuuza kikombe ambacho kilikuwa safi.

Siku zilizofuata zilimthibitishia kwamba ujumbe ule ulifika. Alipelekwa katika nyumba tano za watu wa pwani, na katika zote tano mambo yalikwenda kwa mpango uleule. Mlango ulifunguka kabla hajabisha. Watoto waliitwa waje wamwamkie. Mtu alimpokonya mifuko. Mmoja alimwekea mto wa mgongo, mwingine alimsomea Fatiha na kumwombea aende Makka, na mmoja, bwana wa makamo, alimfuata hadi garini akamfutia theluji kwenye kioo kwa mkono wa kanzu. Kisha simu ikamwonyesha sifuri. Alianza kuyaogopa majina anayoyafahamu. Alifikiria kubadilisha picha yake kwenye programu, lakini kampuni hutaka uso wa kweli. Alifikiria kuzikataa oda za Blake Road, waliko wengi wao, lakini nusu ya oda za jioni katika mwezi ule zilikuwa za huko.

"Waambie," Kerubo alimshauri dukani, akiwa ameegemea toroli. "Si una mdomo? Waambie, mimi nakula."

"Kwa mdomo upi? Ndio huo nilioutumia kukataa bahasha."

"Ai, mama. Basi mimi nitakuja na wewe niseme. Mimi sina heshima, kila mtu anajua."

Nasima alicheka, safari hii kwa mdomo. Lakini hakuwaambia. Aliendelea kuendesha, akifuturu kwenye taa nyekundu, akirudi nyumbani na mabakuli ya watu yaliyojaa chakula, hata Nasreen akasema kwamba friji yao ndiyo tajiri kuliko wao.

Jumatano tarehe 26 Machi, saa mbili asubuhi, simu ililia akiwa katikati ya njia ya unga. Bibi mmoja wa Malindi, aliyekuwa mgonjwa muda mrefu, alikuwa amefariki alfajiri. Nasima aliirudisha oda kwa kampuni, akaliacha toroli mikononi mwa mhudumu wa duka, akaenda.

Katika chumba cha kuoshea cha msikitini walikuwa wanne: yeye, mabinti wawili wa marehemu, na Zamzam, aliyejitolea kumimina maji. Nasima aliwapa kazi kwa ishara. Upande wa kulia kwanza. Maji ya mkunazi, kisha maji matupu, ya mwisho yenye karafuu maiti, yaani kafuri. Bega lake lilimsumbua alipomgeuza marehemu, na Zamzam, bila kuambiwa, alipitisha mkono chini na kulichukua lile zito. Hakuna aliyesema neno lisilohitajika. Sanda ilipofungwa, mabinti walitoka kuwaita wanaume, na Nasima na Zamzam wakabaki wakikausha meza.

"Mungu akulipe, Bi," alisema Zamzam.

"Amin. Kaa hapa kidogo."

Zamzam alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Nasima alibaki amesimama, kitambaa mkononi. Alijua kwamba asipolisema sasa hatalisema, na kwamba Jumatatu ndiyo siku ya barua.

"Siku ya maji yale uliandika ishirini na mbili."

Uso wa Zamzam ulibadilika. "Nikaifuta. Nilipokuona. Si wewe ulosema, Bi? Mbele za watu. Nimelishika neno lako kama wasia."

"Nililisema, na kwa kazi ya humu ndani silirudishi. Lakini alokuletea maji hakuwa mwosha wa mamako. Alikuwa kibarua."

"Ni mtu mmoja, Bi!"

"Ni mtu mmoja. Ndiyo maana amechoka."

Zamzam aliyatazama maji yaliyokuwa yakielekea kwenye tundu la sakafu. "Mimi nikikutia pesa mkononi namwona mamangu. Naona kama ninalipa kuoshwa kwake. Siwezi, Bi. Mkono hauendi."

"Mamako nilishamalizana naye. Hamna deni kwangu, wala mimi sina kwenu. Zilizobaki ni katoni tatu za maji na ngazi."

Zamzam alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na kafuri.

"Uliandika ishirini na mbili kabla hujajua ni nani anakuja," Nasima aliendelea, sauti yake ikiwa ya chini, ya mtu anayesoma orodha. "Ulimwandikia mtu usiyemjua. Ulipomjua, ukamnyang'anya. Nyumba tano zimenifanyia vivyo hivyo, na mito ya mgongo juu. Sasa Shakopee wananitaka. Kule simu hufungiwa tangu asubuhi mpaka jioni. Ningekuwa kule leo, huyu bibi angeoshwa na nani?"

"Usiende! Tutachanga. Leo hii, nikitoka hapa, nitawaambia dada zangu, tutachanga."

"Mchango ni wa msiba, Zamzam. Mimi sijafa."

Nje mlango wa gari la maiti ulifungwa. Sauti za wanaume zilipita ukumbini. Zamzam alijifuta uso tena kwa kiwiko.

"Basi niambie nifanye nini."

Nasima angeweza kumwambia kuhusu ule ujumbe wa sauti, amtake atume mwingine. Alikuwa amejitayarisha kulisema hilo. Lakini alipomwangalia yule binti ameketi juu ya ndoo, mikono yake imelegea mapajani, ile mikono iliyopita chini ya maiti bila kusita, jambo jingine likamtangulia mdomoni.

"Shika kata," alisema. "Inuka. Wewe meza hii ichukulie kwamba ina mtu. Waanza wapi?"

"Kulia."

"Kabla ya kulia?"

Zamzam alifikiri. "Nia."

"Na kabla ya nia, shuka. Hafunuliwi hata kidogo. Haya, anza."

Walifanya hivyo mara tatu, juu ya meza tupu, hadi mtunza msikiti alipobisha kutaka kufunga. Hakuna kati yao aliyeitaja pesa tena.

Ijumaa tarehe 28 oda moja ya Blake Road, ya mteja aliyejitambulisha kwa jina la Rahma, ilibaki na bakshishi yake kamili, dola tisa, hata baada ya siku nzima kupita. Mlango haukufunguliwa. Mifuko ilipokewa baada ya Nasima kuondoka.

Idi ilikuwa Jumapili. Jumatatu tarehe 31, baada ya kuketi na Nasreen na kuyapitia matumizi ya mwezi kwa mara ya mwisho, Nasima aliitoa barua katika kabati la vikombe. Mwezi haukutosha. Alitia sahihi kurudi ghalani kwa siku tatu za juma, Jumatatu hadi Jumatano, na kubaki barabarani siku nyingine. Kisha akampigia Zamzam, akamtajia hizo siku tatu, akamwambia asiizime simu yake wakati ile ya Nasima imefungiwa kabatini. Zamzam alisema "Sawa, Bi," kisha akauliza karafuu maiti hununuliwa wapi.

Alipokuwa akitoka kwenda kutuma barua, simu ilimletea oda ya Velma. Aliipokea.

Ujumbe wa kundi lile la wanawake hujifuta baada ya siku saba, na Nasreen hakurudi ndani yake. Hivyo haijulikani kama Zamzam alituma ujumbe wa pili. Haijulikani pia kama yule Rahma alikuwa mtu wa pwani aliyesikia, au mgeni tu asiyeiangalia picha.